Usimpokonye Mama Kabambe Yake

Krismasi iliyopita jirani yangu alienda kumjulia hali mamake mashambani. Alimbebea simu mpya ya kioo kikubwa, tena ya 5G. Ile kabambe ya zamani akarudi nayo mjini, ikawa mchezo wa watoto.

Haikupita wiki, mama akawa hapatikani. Stima haijafika bomani pale, na simu mpya ilikuwa ikizima kabla ya jioni. Pesa za dawa ya presha zilitumwa, na mama hakujua habari zake hadi siku ya tatu, alipopata mtu wa kumchajia sokoni.

Basi hizi G ni nini hasa? Ni vizazi tu. Cha kwanza kilianzia Tokyo mwaka wa 1979, nacho kilibeba sauti pekee, kama redio; mwenye mtambo ufaao aliweza kusikiliza siri zako. Cha pili kilianza Finland mwaka wa 1991. Hicho ndicho kilichotuletea ujumbe mfupi, na M-Pesa ilipozinduliwa mwaka wa 2007 iliwafaa wenye simu za kizazi hicho. Hadi leo kabambe ya 2G hutuma na kupokea pesa bila intaneti yoyote.

Cha tatu, kilichoanza Japani mwaka wa 2001, kilileta intaneti ya kuridhisha kidogo. Cha nne kilifika kwetu mwaka wa 2014, na video zikaacha kukwamakwama. Lakini je, umewahi kuona alama ya 4G ikigeuka 3G au E punde tu unapopigiwa simu? Usikimbilie kwa fundi. Kizazi cha nne kiliundwa kubeba data, na simu isiyoweza kupitisha sauti humo hushuka kizazi cha chini mpaka mmalize mazungumzo, kisha hupanda tena.

Ama 5G, iliyoanza kuuzwa hapa nchini mwaka wa 2022, ina kasi ya ajabu. Hata hivyo, mawimbi yake kwa kawaida hayaendi mbali. Mnara wa 2G waweza kufika hata kilomita 35 penye uwanda. Wa 5G hauoni ndani. Ndiyo maana mijini huitangulia vijiji. Na simu inayohangaika kutafuta mtandao hafifu hula betri vibaya mno.

Kwa hivyo kabla hujafungua mkoba, simama jikoni kwa mama na simu yako mkononi, utazame ni alama gani inayojitokeza pale, na ikiwa inadumu.

Jirani yangu aliirudisha kabambe kwa basi. Laini nayo ilikuwa imekatwa ndogo, ikabidi itafutwe fremu ya kuishikilia. Sasa mama anapatikana asubuhi na jioni. Ile ya kioo ameifungia kabatini, pamoja na vikombe vya wageni.