Mkono wa Kijana na Lawama za Wakubwa

Umezuka katika mazungumzo yetu ya utamaduni mtindo wa kulaumu ambao sisi twauona kuwa mwepesi mno, na wepesi wake ndio hatari yake. Kijana akionekana na daftari alimochora mtu mwenye misuli iliyotuna, joho likipepea mgongoni na alama kifuani, wakubwa hutikisa vichwa na kusema, "Mwacha mila ni mtumwa." Basi kesi imekwisha, hukumu imetolewa, na mshtakiwa hakuulizwa neno. Katika makala haya tunakusudia kumsemea mshtakiwa huyo na kuwashtaki waliomhukumu, nasi wenyewe tukiwa miongoni mwao.

Tueleze kwanza jinsi tulivyoingia katika kundi hilo la wakosaji. Ofisini kwetu alikuwapo karani wa masjala, kijana mtaratibu, ambaye kila siku saa ya mapumziko, badala ya kushiriki porojo, alichora nyuma ya karatasi zilizochapwa vibaya. Alichora Superman, Batman na Black Panther, leo wakiruka, kesho wakitua. Usiku aliendelea nyumbani. Hakulipwa wala hakutafuta kulipwa. Mkubwa mmoja alizichukua karatasi zile, akazionyesha mbele ya watu, akauliza kama hiyo ndiyo kazi ya mtoto wa taifa huru. Sisi tulikuwapo, na tukacheka.

Haukupita muda mrefu ofisi ikatakiwa kupamba ukumbi kwa picha za mashujaa wa taifa. Aliyechekwa ndiye aliyeitwa, akaagizwa achore vita vya Lugalo. Akasikiliza, kisha akauliza kwa adabu, "Samahani, wazee wangu, ngao zao zilikuwa za umbo gani? Na mkuki waliushikaje?" Pakawa kimya. Tulijua kwamba tarehe 17 Agosti 1891 askari wa Mkwawa walilivunja jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wake, Zelewski. Tulijua kwamba Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na kwamba fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954, likawekwa Kalenga. Umbo la ngao hakuna aliyelijua. Kijana yule aliweza kulieleza joho la Batman mkunjo kwa mkunjo, kwa kuwa Wamarekani walimwonyesha. Sisi tulikuwa tumemwonyesha meno tu.

Hapo ndipo tulipoanza kulitazama zoezi lake kwa macho mengine. Wenye kudharau hudhani kwamba kuchora mashujaa hao ni kunakili, kama mtu anayepitisha kalamu juu ya kivuli. Sivyo. Mchoraji huanza na mifupa ya mistari, akapanga juu yake mayai na masanduku ya viungo, kisha akaivika nyama na nguo. Ngumi inayomjia mtazamaji lazima aikuze, na bega lililo nyuma alifupishe, la sivyo mtu wake atakuwa ubao. Shujaa wa aina hiyo hupimwa kwa kichwa chake mwenyewe, na urefu wake kwa kawaida haupungui vichwa vinane. Sisi watunzi wa mashairi tungepaswa kuwa wa kwanza kuitambua nidhamu hiyo, maana kipande cha mshororo wetu nacho kina mizani nane, na hakuna mtunzi aliyezaliwa akiijua. Sote tulijifunza kwa kufuata tungo za waliotutangulia, usiku baada ya usiku, mpaka sikio likakubali.

Watatujibu kwamba mtunzi hufuata ya kwao, na kijana huyu anafuata ya wageni. Jibu hilo halisimami. Mwalimu Nyerere alifasiri tamthilia za Shakespeare, ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Ni nani aliyethubutu kumwita mtumwa wa Waingereza? Shaaban Robert alimleta Omar Khayyam katika Kiswahili, na Kiswahili kikanenepa. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alipaka ndege na wanyama wake kwa rangi za mafuta za dukani, na leo tunawapa wageni picha za mtindo wake kama zawadi ya taifa. Alipounda Wizara ya Utamaduni mwaka 1962, Mwalimu alisikitika kwamba ukoloni ulitufanya tuamini hatuna utamaduni wetu, lakini papo hapo akaonya kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Wakubwa wetu wamelishika neno la kwanza, la pili wakaliacha mlangoni.

Hata hivyo, hatusemi kwamba hakuna kasumba katika picha hizo. Joe Simon na Jack Kirby walipomtoa Captain America katika toleo la Machi 1941, walimvika bendera ya nchi yao na kumchora akimpiga Hitler ngumi, kabla Marekani haijaingia vitani. Shujaa huyo ni wa taifa fulani na anatetea mambo ya taifa hilo. Kijana anayempaka rangi ajue anapaka bendera ya nani. Vilevile amkumbuke Joe Shuster, mchoraji wa kwanza wa Superman, ambaye pamoja na mwandishi Jerry Siegel walikuwa vijana wasio na mali huko Cleveland, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Mwaka 1938 waliuza haki zote za shujaa wao kwa dola 130, na shujaa huyo akawatajirisha watu wengine.

Tazameni pia habari ya Black Panther. Mfalme huyo wa Kiafrika alibuniwa mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, Wamarekani wawili weupe. Filamu yake ilipotoka mwaka 2018 ilipambwa kwa mavazi yaliyokusanywa kutoka pembe nyingi za Afrika, na lugha ya ufalme ule ikawa Kixhosa. Vijana wetu wakashangilia, nasi tukawakemea. Tuliona haya kwamba wanaishangilia Afrika ya kubuni, hatukuona haya kwamba Afrika ya kweli hatukuwachorea.

Nani asemaye kwamba shujaa wa ajabu ni mgeni katika pwani yetu? Fumo Liyongo hakuweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na mtoto wake mwenyewe ndiye aliyeichoma. Alikufa amepiga goti, uta mkononi, na watu wakaogopa kwenda kisimani kwa siku kadhaa wakimdhani mzima. Wamarekani wamempa Superman jiwe la kumdhoofisha. Wazee wetu walikwisha kutoa sindano. Goti lile na uta ule vinangoja mkono unaojua kukunja kiungo na kulivuta bega, na mkono huo tunao masjala, unachora nyuma ya karatasi mbovu.

Basi tunataka mambo mawili. Wakubwa waache kejeli, wafungue makumbusho na makabati. Kijana aingie na penseli, apime ngao kwa jicho lake, asiishie kusoma kibao na kutoka. Magazeti yaliyomlea Chakubanga wa Christian Gregory na jarida la Sani na Ndumilakuwili wake yalithibitisha kwamba wasomaji wetu wanazipenda hadithi za picha. Wachapishaji wasiogope kumchapisha Liyongo. Naye kijana asiache zoezi lake hata usiku mmoja, ila kila akimaliza shujaa wa watu, amchore na mmoja wa kwao. Akikosea ngao, kosa hilo tuligawane.

Kijana shika kalamu, mkono usilegee,
Wageni tuwafahamu, ya kwao tujifunzie,
Ya kwetu ndiyo muhimu, mashujaa tuchoree,
Wazee tusilaumu, njia tumfungulie.