Neno dogo lililokosekana

Mara nyingi twasikia watu wakisema kwamba mchezo usio na mshindi ni kazi bure. Juma hili tutazame mchezo mmoja wa namna hiyo, maana una mafundisho kwetu sisi wenye nyumba.

Sataranji huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye vyumba 64, na kila mmoja humwinda mfalme wa mwenzake. Mwaka 1978, mjini Baguio, nchi ya Ufilipino, mafundi wawili waligombea ubingwa wa dunia: Anatoly Karpov, mwenye miaka 27, na Viktor Korchnoi, mwenye miaka 47. Wote wawili walilelewa katika Umoja wa Kisovyeti. Lakini Korchnoi aliihama nchi hiyo mwaka 1976, na mkewe na mwanawe wakazuiwa kumfuata. Basi uchungu ulikuwapo kabla ya kete kupangwa.

Katika mchezo wa 5 Korchnoi alikaribia sana kumnasa mfalme wa Karpov. Kwa hatua ya 55 akakosea, na ushindi ukamponyoka. Wakaendelea kuvutana. Kwa desturi, wachezaji wakiona hakuna awezaye kushinda, mmoja humwambia mwenziwe: “Tutoke sare?” Akikubaliwa, kazi imekwisha. Lakini hao walikuwa hawasemezani. Ndipo, kwa hatua ya 124, Korchnoi akamzibia Karpov njia zote: mfalme wake hakushambuliwa, wala hakuwa na chumba cha kwendea, wala kete nyingine ya kusogeza. Kwa sheria ya sataranji, hiyo ni sare. Hivyo ubao ulisema yale ambayo midomo ilikataa kuyasema. Hadi mwaka 2021 hapakutokea mchezo mrefu kuliko huo katika kugombea ubingwa wa dunia.

Sare yenyewe si aibu. Yaonyesha kwamba hodari amekutana na hodari. Lakini tujiulize: ni mara ngapi mume na mke, au ndugu wa tumbo moja, wamekwisha kutambua kwamba hakuna atakayeshinda katika ugomvi wao, na bado kila mmoja amngojea mwenziwe aanze kusema? Siku zapita, chakula chapoa, watoto watazama. Yule atanguliaye kusema, “Basi, yaishe,” hakushindwa. Amewaokoa wote na hatua nyingi za bure.