Plaza ya Bruxelles: muziki wa 1960 unakumbukwa, hesabu imesahaulika

Mkongomani anayefika Bruxelles akiwa na feza za kutosha anaweza kulala usiku mmoja ndani ya historia ya nchi yake. Hoteli Le Plaza iko kwenye bulevari Adolphe Max, hatua chache kutoka Rogier, pale ambapo watu wengi wa Goma, Bukavu na Kisangani wanapita na mizigo yao wakielekea Gare du Nord bila hata kugeuza kichwa. Ni jengo la 1930, lililochorwa na Michel Polak pamoja na Alfred Hoch. Lina nyota tano, ukumbi wake wa maonyesho, na bustani ya ndani yenye kuba la vioo. Kuba lile lilivunjwa na bomu mwaka wa 1944, Wajerumani walipokuwa wanakimbia mji, kisha likatengenezwa upya. Hoteli ilifungwa mwaka wa 1976, ikakaa miaka 20 bila wageni, na kufunguliwa tena mwaka wa 1996.

Kwa mgeni wa kawaida, kulala pale ni kulala katika hoteli ya zamani iliyotunzwa: mazulia mazito, kitanda kipana, kimya ambacho mtu hatarajii katikati ya mji wenye kelele vile. Bei ya usiku mmoja inaweza kukaribia mshahara wa mwezi mzima wa mwalimu wa shule ya msingi kule Walikale. Lakini Mkongomani si mgeni wa kawaida mahali pale, hata kama kijana wa mapokezi anayempa ufunguo hana habari.

Mwezi wa kwanza 1960, wajumbe wa vyama vya Kongo waliitwa Bruxelles kwenye Meza ya Duara, ile ambayo wazee wanaiita mpaka leo Table Ronde. Mazungumzo yalianza tarehe 20. Patrice Lumumba hakuwepo, alikuwa gerezani. Wajumbe wengine, hata wale waliokuwa wapinzani wake, walishikilia kwamba bila yeye hakuna kazi itakayoendelea. Akatolewa, akapandishwa ndege, na tarehe 26 alikuwa Bruxelles. Kesho yake tarehe ya uhuru ikajulikana: 30 mwezi wa sita. Wabelgiji waliokuwa wanawaza miaka mingi ya maandalizi walikubali miezi mitano.

Muziki nao ulikuwa umesafiri. Joseph Kabasele, Grand Kallé, alikuwa amekuja na African Jazz: Docteur Nico na kaka yake Déchaud kwenye magitaa, na pembeni yao Vicky Longomba na Brazzos, watu wa OK Jazz. Hapo Plaza ndipo walipowachezea Wakongomani « Indépendance Cha Cha ». Wimbo ule unataja majina ya viongozi, unataja vyama, unasifu umoja wao. Radio ikaupeleka Léopoldville, Elisabethville, Stanleyville, na mbali zaidi, mpaka nchi nyingine za Afrika zikaufanya wao. Leo bado, kwenye harusi ya Bunia au ya Uvira, ukipigwa, hata kijana aliyezaliwa miaka 40 baada ya uhuru anajua wapi pa kuinua mikono.

Ni haki wimbo huo kukumbukwa. Kinachosumbua ni kwamba kumbukumbu ya Wakongomani juu ya Bruxelles ya 1960 inaishia kwenye ukumbi wa ngoma. Wakongomani wa Matonge wanapiga picha kwenye uwanja wa Patrice Lumumba, uliofunguliwa Porte de Namur mwaka wa 2018, na wanafanya vizuri. Wachache sana wanaweza kusema nini kilifanyika katika mji uleule miezi mitatu baada ya ngoma.

Kulikuwa na Meza ya Duara ya pili. Ilianza tarehe 26 mwezi wa nne 1960, ikaisha tarehe 16 mwezi wa tano, na ilihusu uchumi: deni la koloni, hisa, makampuni ya madini, feza zilizokuwa zinatoka Kongo. Viongozi wakubwa hawakwenda. Uchaguzi ulikuwa mlangoni na kila mmoja alikuwa katika jimbo lake akitafuta kura, jambo ambalo mtu anaweza kulielewa. Walituma vijana, wengi wao wanafunzi waliokuwa wanasoma Ubelgiji. Kwa upande wa chama cha Lumumba, mmoja wa waliokaa mezani alikuwa mwandishi wa habari aitwaye Joseph-Désiré Mobutu. Miaka mingi baadaye, akiwa rais, alisimulia mwenyewe jinsi walivyojikuta mbele ya mabingwa wa feza waliowazidi kwa kila kitu. Siyo kosa la vijana wale. Ukoloni ulihakikisha kwamba Wakongomani waliomaliza univasite wanahesabika kwa vidole, kisha ukawaalika kujadili mizani ya vitabu vya hesabu.

Matokeo yalionekana haraka. Siku chache kabla ya uhuru, sheria ya Ubelgiji iliyaruhusu makampuni ya Kongo kuhamishia makao yao Ubelgiji. Tarehe 27 mwezi wa sita, siku tatu tu kabla ya bendera kubadilishwa, Comité Spécial du Katanga ilivunjwa. Hicho ndicho chombo ambacho kupitia kwake dola mpya ingekuwa na sauti kubwa ndani ya Union Minière, kampuni ya shaba ya Katanga. Kongo ikaingia uhuru na wimbo mzuri kuliko wote barani, na mkono mtupu juu ya shaba yake yenyewe. Ugomvi wa hesabu hizo uliendelea: Tshombe akaenda kuzungumza Bruxelles mwaka wa 1965, na mwanzo wa 1967 Mobutu, yule kijana wa mezani, akaichukua Union Minière kuwa mali ya serikali. Namna alivyoitumia baadaye ni hadithi nyingine, na ni chungu.

Hasira ya watu wa Mashariki, wanaposikia wajumbe wamepanda tena ndege kwenda kuzungumza nje, mara nyingi inakwenda moja kwa moja kwenye kitanda: wanalala wapi, usiku mmoja ni dola ngapi, nani analipa. Hasira hiyo ina mizizi. Mwaka wa 2002, Mazungumzo kati ya Wakongomani yalikaa zaidi ya siku 50 Sun City, Afrika Kusini, mahali penye mahoteli ya kifahari, bwawa la mawimbi na kasino, wakati huku Ituri na Kivu watu walikuwa wanazika. Mama anayelala chini ya shiti ya plastiki ana haki ya kuuliza bei ya chumba. Serikali, na makundi yenye silaha pia, wana deni la kumjibu.

Lakini kitanda si ugonjwa wenyewe. Waliolala vizuri mwezi wa kwanza 1960 walirudi na uhuru, na hakuna Mkongomani aliyewadai bei ya chumba. Hasara ilitoka kwenye meza ya pili, isiyokuwa na muziki, ambako wakubwa hawakukaa. Anayehesabu usiku za hoteli tu anaweza kukosa kuona hasara ya maana inapopita mbele yake, imebebwa ndani ya nyongeza ya mkataba ambayo hakuna aliyemsomea.

Na sasa meza ziko nyingi. Tarehe 27 mwezi wa sita 2025, Kongo na Rwanda zilitia sahihi mkataba wa amani Washington. Tarehe 19 mwezi wa saba, serikali na AFC/M23 walitia sahihi tamko la kanuni kule Doha. Picha za kupeana mikono zilizunguka kwenye simu za Goma, mji ulio mikononi mwa AFC/M23 tangu mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka huo, na za Bukavu, uliofuata katikati ya mwezi wa pili. Kando ya neno amani, Washington kuna neno lingine: ushirikiano wa kiuchumi wa eneo, na ndani yake madini. Koltani ya Rubaya, bati ya Bisie, dhahabu ya Kivu ya Kusini na ya Ituri. Hiyo ndiyo meza ya mwezi wa nne. Inakaa bila kamera nyingi, na wanaozungumziwa hawajui majina ya wanaoizunguka.

Kabla ya ujumbe wowote kupanda ndege, orodha ya wajumbe itangazwe, na mbele ya kila jina iandikwe kazi yake: nani anajua sheria ya madini, nani anajua kodi, nani aliwahi kusoma mkataba wa kampuni kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Wakitaka kulala Plaza, walale. Wakirudi, wasiishie kwenye mkutano wa waandishi wa habari Kinshasa. Waje waeleze kwa Kiswahili, mbele ya wachimbaji wa Masisi na wa Mwenga, mbele ya mama wa soko na wakulima, kipengele kwa kipengele, na maandishi yenyewe yaachwe parokiani na shuleni ili watu wayasome wao wenyewe. Mahali ambapo bunduki bado zinazuia mkutano kama huo, radio zipo, na saa za kutosha za kuyasoma zipo.