Maji Maangavu Si Maji Safi

Msomaji kijana, huenda umepata kusikia neno hili: sumu ya viwanda ni balaa la miji mikubwa, wala haituhusu sisi wa Kianjokoma, tunywao maji yashukayo kutoka Mlima Kenya. Neno hili ni tamu masikioni, lakini ni la hatari. Nataka tulipime pamoja.

Ni kweli kwamba katika kituo kidogo cha biashara hapana kiwanda kikubwa cha kemikali. Lakini yupo fundi wa pikipiki aoshaye vyuma kwa petroli. Yupo fundi wa rangi aoshaye brashi kwa thina. Yupo fundi wa magari atumiaye dawa za kuondolea grisi. Jioni ikifika, mabaki humwagwa wapi? Yakimwagwa mtaroni, mvua huyachukua hadi mtoni. Yakimwagwa nyuma ya kibanda, ardhi huyanywa, nayo huweza kufika kisimani.

Dawa moja ya kuondolea grisi iliyotumiwa sana duniani yaitwa trikloroethilini. Macho hayaioni katika maji, kwa kuwa haina rangi. Ni nzito kuliko maji, kwa hiyo huzama ndani ya ardhi na kukaa humo miaka mingi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliihesabu miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa wanadamu. Marekani iliweka kikomo cha maikrogramu 5 katika lita 1 ya maji ya kunywa. Fanya hesabu hiyo mwenyewe: gramu 1, isiyojaza hata kijiko cha chai, yatosha kufikisha lita 200,000 kwenye kikomo hicho. Basi yuko wapi asemaye kwamba kidogo hakidhuru? Mdharau mwiba mguu huota tende.

Utauliza, je, mambo haya yamepata kutokea? Naam. Katika kambi ya jeshi ya Camp Lejeune, jimbo la North Carolina huko Marekani, askari na jamaa zao walikunywa maji yenye dawa za namna hii tangu mwaka 1953 hadi 1987. Sehemu ya sumu ilitoka katika kazi za kambi yenyewe. Sehemu nyingine ilitoka kwa dobi mmoja wa nje ya kambi, aliyesafisha nguo kwa dawa badala ya maji. Zingatia jambo hilo: hakuwa mwenye kiwanda, alikuwa dobi tu. Mwaka 1982 maji ya bomba yalipimwa yakakutwa na maikrogramu 1,400 za trikloroethilini katika lita 1. Hata hivyo visima vilivyochafuka zaidi havikufungwa ila mwaka 1984 na 1985. Uchunguzi wa baadaye uliyahusisha maji hayo na saratani ya figo, saratani ya damu na ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson. Sheria ya kuwafungulia waathiriwa mlango wa kudai fidia mahakamani ilipitishwa mwaka 2022, na wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Wengine hujitetea wakisema, "Sisi huchemsha maji." Kuchemsha ni desturi njema, kwani huua vijidudu. Lakini moto hauli kila sumu. Dawa kama trikloroethilini hupaa pamoja na mvuke, na aliye karibu na sufuria huivuta kwa pua.

Wengine husema, "Fundi asisumbuliwe; anatafuta riziki." Hakuna amchukiaye fundi. Lakini riziki ya mmoja isiwe ugonjwa wa jirani. Tena mito ya Embu haiishi Embu. Huingia Tana, nao Tana hupita kwa watu wengi kabla ya kufika Bahari ya Hindi. Amwagaye huku juu huwanywesha wasiomjua.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama, na kanuni za ubora wa maji zakataza kuyachafua. Lakini sheria isiyotetewa na wananchi ni karatasi tu. Basi, kijana, ukiwa fundi kesho, weka mabaki katika pipa lenye kifuniko, mbali na mto na kisima, hata yakabidhiwe kwa mwenye idhini ya kuyachukua. Ukiwa raia, dai kisima cha kijiji chako kipimwe, na matokeo yasomwe mbele ya wanakijiji. Usingoje wagonjwa wawe wengi ndipo uulize walikunywa nini.

Maji hayana ulimi wa kushitaki. Sisi tunao.