Kabla ya Kutoa Amana

Wapo wanafunzi wenzangu wanaoihama Nairobi na kwenda Kitengela, kaunti ya Kajiado, kwa kuwa kodi ya nyumba huko ni nafuu. Siwalaumu, nami nilihama. Kosa letu ni kuuliza kodi na amana tu, tukasahau kisima. Maji mengi ya visima vya huko yana chumvi: sabuni haitoi povu, chai hainyweki. Hivyo mitungi ya maji ya kunywa hununuliwa, na nauli ya matatu (ambayo hupanda mvua inyeshapo!) hulipwa kila siku. Anayetafuta nyumba na ayaonje maji kwanza, kisha apande matatu saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kazi, aone atafika chuoni saa ngapi.