Wazee na walinzi wa usiku wapewe kengele za dharura

WAHENGA walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Methali hii hunijia kila nimkumbukapo mama mzee wa jirani yetu, ajuza aliyepita miaka themanini, ambaye alfajiri moja alitoka nyumbani akisema anakwenda kisimani kuteka maji. Kisima hicho kilifukiwa yeye angali kijana. Tulimtafuta mchana kutwa. Magharibi tulimpata ameketi chini ya mwembe katika boma la watu asiowajua, midomo imemkauka kwa kiu, na vijana wamemzunguka wakiulizana ni mchawi wa kutoka wapi.

Alinusurika. Wengine hawakubahatika. Mnamo Oktoba 2021, akina mama wanne wazee waliuawa huko Marani, Kisii, kwa kudaiwa kuwa wachawi. Kilifi nako wazee wamepoteza maisha kwa madai kama hayo. Ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita dimenshia, ni maradhi ya ubongo. Si uchawi wala laana. Mgonjwa hupotea hata katika njia aliyoizoea, na aghalabu hawezi kueleza atokako.

Siku hizi kipo kifaa kidogo kinachovaliwa shingoni, au mkononi kama saa. Hupokea mawimbi ya setilaiti za GPS, mfumo wa Marekani ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka wa 1978. Kikipata mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, hutambua mahali kilipo, na penye uwazi hukosea kwa mita chache tu. Kisha hutumia laini ya simu iliyomo ndani yake kuwaarifu jamaa. Mvaaji akizidiwa, hubonyeza kitufe. Vingine hutambua hata mtu anapoanguka.

Hilo la kuanguka si dogo. Mzee aliyevunjika nyonga, akalala sakafuni saa nyingi bila msaada, hupungukiwa na maji mwilini, hupata vidonda vya kulalia na hata figo zake huweza kudhurika.

Je, wafanyakazi? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Lakini mlinzi wa usiku hupewa rungu na tochi, akaachwa langoni peke yake hadi asubuhi. Akivamiwa, au sukari ikimshuka akazirai, nani atajua? Muuguzi anayezuru wagonjwa vijijini naye yumo katika hatari iyo hiyo. Kwa maoni yangu, mwajiri anayemudu kununua kamera za kulinda mali yake hana udhuru wa kumnyima kengele mtu anayeilinda mali hiyo.

Hata hivyo, msomaji, kifaa hiki si hirizi. Betri ikiisha, au mahali pasipo na mtandao wa simu, hakifai kitu. Ndani ya jengo la zege huenda kikakosea. Tena kengele haina maana ikiwa anayeipokea amelala fofofo. Kabla ya kununua, jamaa wakubaliane nani atapokea, nani atakwenda, na nani atakumbuka kukitia chaji kila siku.

Pia heshima idumu. Mzee aelezwe na aridhie akiwa bado ana fahamu zake. Mwajiri naye asikigeuze kuwa jicho la kumfuata mfanyakazi hadi nyumbani kwake baada ya zamu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 yahusu mambo kama haya.

Kwa wasiojimudu, lipo la kufanya leo. Shonea nambari ya simu ndani ya nguo ya mzee, weka picha yake ya karibuni, na uwaarifu majirani pamoja na wazee wa Nyumba Kumi kwamba mama au baba ni mgonjwa. Akipotea, usingoje jioni. Piga 999 au 112 mara moja. Zaidi ya yote, mpeleke hospitalini akaangaliwe.

Laiti vijana wale wa chini ya mwembe wangalijua mapema kwamba mgeni wao ni mgonjwa, wangalimpa maji kwanza.