Msitu wa kijiji si shamba la mkubwa

KIJANA mwenzangu wa Manzese, Tandale na Mbagala, kabla hujageuza ukurasa kwenda kutafuta habari za Simba na Yanga, hebu litazame lile jiko pale uani. Mkaa uliopikia ugali wako jana usiku ulitoka wapi? Usiniambie ulitoka gengeni. Gengeni ulishushwa tu. Kabla ya hapo ulilala juu ya roli, ukapita vizuizi njia nzima, na kila kizuizi kina mwenyewe. Kabla ya roli ulikuwa mti. Na mti huo ulisimama kwenye ardhi ya kijiji fulani, huenda Kilosa, ambako kwa miaka mingi kijiji kilibaki na visiki na majivu, hela ikaenda mjini.

Usidhani ni hela ya vocha. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba biashara ya mkaa hapa nchini ilikuwa na thamani ya dola milioni 650 kwa mwaka, na karibu nusu ya mkaa wote uliishia Dar es Salaam. Ikakadiria pia kwamba Serikali ilikuwa ikipoteza dola milioni 100 hivi kila mwaka kwa ushuru usiolipwa. Sasa jiulize, hela isiyofika Hazina inakwenda wapi? Haiyeyuki kama barafu. Inaingia mifukoni mwa watu, na si mifuko ya yule anayelala porini akilinda tanuri lisilipuke moto.

Tumezoeshwa wimbo mmoja. Msitu ukiisha, analaumiwa mwanakijiji. Hana elimu, hana huruma na mazingira, akamatwe. Bwana mkubwa anayesema hayo kwenye semina amekula chakula kilichopikwa kwa mkaa huo huo. Mwenye roli hatajwi. Mwenye mtaji aliyetuma roli hatajwi kabisa. Anayepigwa picha na gunia lake ni yule mwenye baiskeli.

Tuitazame Kilosa basi. Kuanzia mwaka 2012, kwa fedha za Uswisi, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) na Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania (MJUMITA) waliingia katika vijiji vya wilaya hiyo na kufanya jambo ambalo wengi walidhani ni wazimu. Hawakusema marufuku mkaa. Walisema kijiji chenyewe kiuze mkaa, kwa mpango, na hela ibaki kijijini. Vijiji kama Ulaya Mbuyuni, Ihombwe na Kitunduweta vikapima mipaka, vikaandika mpango wa matumizi ya ardhi, vikatunga sheria ndogo na kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji.

Utaratibu wenyewe hauhitaji shahada kuuelewa. Sehemu ndogo tu ya msitu inatengwa kwa ajili ya mkaa. Hiyo nayo inagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, kimoja kinakatwa, cha jirani kinaachwa, kama ubao wa drafti. Mti haung'olewi, unakatwa na kisiki kinabaki, kwa sababu miti ya miombo ina tabia ya kuchipua yenyewe. Kitalu kilichokatwa kinapumzishwa miaka 24 kabla ya kuguswa tena. Mchoma mkaa anapewa kitalu chake na kijiji, ushuru wa gunia unalipwa kijijini, stakabadhi inaandikwa. Hela hiyo imejenga madarasa, imetengeneza zahanati na visima, imelipa walinzi wa msitu. Haikupita kwa mkubwa yeyote kwanza ili akate chake.

Na hii si zawadi ya wafadhili, ndugu msomaji. Ni sheria ya nchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutangaza msitu wake, kuusimamia na kukusanya mapato yake. Hata kabla ya sheria hiyo, wananchi wa Duru-Haitemba kule Babati walikuwa wameshatoa somo. Serikali ilitaka kuugeuza msitu wao kuwa hifadhi yake, wao wakakataa, na kuanzia katikati ya miaka ya 1990 wakakabidhiwa waulinde wenyewe. Wakaweka walinzi wao na faini zao, na msitu ukarudi. Mali isiyo na mwenyewe huliwa na kila mpita njia. Mali yenye mwenyewe hulindwa hata usiku.

Kilosa inajua pia gharama ya ardhi isiyo na makubaliano. Desemba mwaka 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulifika Rudewa Mbuyuni na watu 38 wakauawa. Thelathini na wanane. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kupima mipaka ya kijiji na kukaa kikao cha matumizi ya ardhi ni mambo ya makaratasi, mkumbushe makaburi yale.

Sasa njoo kwenye ulaji. Mara tu kijiji kilipoanza kushika hela, mkono wa juu ukaanza kuwasha. Mwaka 2019 zikatoka kanuni mpya za uvunaji, Tangazo la Serikali Namba 417, zilizoongeza nguvu za wilaya na za Wakala wa Misitu juu ya mkaa wa vijiji. Lugha yake ni nzuri, udhibiti na uendelevu. Lakini mwanakijiji aliyepima msitu wake, akaulinda na kuupangia miaka 24, akajikuta tena anasubiri muhuri wa mtu aliye mbali. Kama tatizo ni mkaa wa magendo, wa kubanwa ni yule asiye na mpango wala stakabadhi. Huwezi kumfunga kamba mwenye ng'ombe kwa sababu mwizi amekimbia.

Kuna na hili la nishati safi. Tangu mwisho wa Januari 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekatazwa kupikia kuni na mkaa, na mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka huo unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mimi siupingi. Mama zetu wamevuta moshi vya kutosha. Lakini nauliza swali la mtoto wa maskini. Mtungi wa gesi ukiisha tarehe 20 na mshahara ni mwisho wa mwezi, mama atapikia nini? Atapikia mkaa. Basi mpaka siku gesi itakapokuwa rahisi kama kopo la mkaa, bora mkaa huo utoke kwenye kitalu kilichopimwa na ujenge darasa, kuliko utoke kwenye msitu ulioibwa ukajenge ghorofa la mtu.

Nenda sasa Mikumi, hatua chache tu kutoka vijiji hivyo. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1964, na barabara ya kwenda Iringa na Zambia inaikata katikati. Twiga na tembo wanaonekana bure ukiwa ndani ya basi. Ni fahari ya nchi, hakuna anayetaka igawanywe viwanja. Lakini tembo hasomi bango la mpaka. Akitoka usiku akamaliza shamba la mahindi, kanuni za mwaka 2011 zinampa mkulima kitu kinachoitwa kifuta jasho. Tembo akiua mtu, familia inapewa kifuta machozi. Tazama majina hayo. Hayasemi fidia. Fidia ni haki, unaweza kuidai. Kifuta machozi ni leso, unapewa na mwenye huruma siku anayojisikia.

Hapo ndipo siasa inapoingia, kijana, hata kama unasema siasa huipendi. Mikumi hiyo hiyo mwaka 2015 ilimpeleka bungeni Joseph Haule, Profesa Jay, kutoka upinzani, na vijana wa mjini tulishangilia kama ushindi wa fainali. Mwaka 2020 kiti kikarudi kwa chama tawala. Lakini msitu wa kijiji hausimamiwi na mbunge. Unasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, chini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Na viti vya vijiji tunavijua. Katika chaguzi za serikali za mitaa za 2019 na 2024 chama tawala kilitangazwa kushinda karibu vyote, baada ya wagombea wetu kuenguliwa kwa makosa ya fomu. Sisi tulilia juu ya ubunge. Wenzetu walichukua meza inayogawa vitalu.

Nisionekane natetea vijiji kama malaika. Mwenyekiti wa kijiji naye ana tumbo. Wapo watakaouza msitu usiku na kusoma taarifa ya uongo mchana, awe wa chama chao au wa chetu. Dawa yake si kumpelekea mkuu wa wilaya funguo. Dawa ni mkutano mkuu kuitishwa kila miezi mitatu na watu kuhudhuria.

Kwa hiyo nina ombi kwako, wewe uliyeacha jembe Kilosa, Mvomero au Kilwa ukaja kuuza mitumba Kariakoo. Ukienda nyumbani kwa Idi au Krismasi, usiende na miwani ya jua tu. Nenda ofisi ya kijiji, amkia wazee, kisha uliza vitu vitatu. Ramani ya msitu wetu iko wapi? Kitabu cha stakabadhi za mkaa kiko kwa nani? Taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa lini mara ya mwisho?

Wakikuonyesha vyote, piga makofi na uwalinde viongozi hao dhidi ya yeyote wa juu anayetaka kuwapora. Wakianza kukuuliza wewe ni mtoto wa nani na umetumwa na nani, ujue umefika kwenye mlango wenyewe. Usiondoke. Mwite shangazi, waite na vijana wa kijiweni, mdai mkutano.